UZI: Mguu wa kisukari na goti bandia: mbona CPD inatufundisha dawa tu?

#1 SistaWaVidonda
Wakuu salaam. Hoja hii ni ya manesi wa chumba cha vidonda, wodi za mifupa na kliniki za sukari.

Semina nyingi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) kuhusu mguu wa kisukari zimekuwa orodha ya dawa. Mtu anatoka na pointi zake, anataja antibaiotiki kama amoxiclav na metronidazole bila kukwama, ila hajawahi kupima wekundu kwa rula wala kushika probu (kijiti cha chuma cha kuchunguzia kidonda). Halafu mgonjwa anamaliza dozi tatu na kidonda kipo palepale.

Naona kosa kubwa ni kutibu kidonda ambacho hakijaambukizwa. Mwongozo wa 2023 wa IWGDF, jopo la kimataifa la mguu wa kisukari, uko wazi: ili useme kuna maambukizi unahitaji angalau dalili mbili kati ya hizi: uvimbe au ugumu wa nyama, wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda, maumivu, joto, na usaha. Zikikosekana, hakuna antibaiotiki na hakuna swabu. Kidonda chochote kilicho wazi kina bakteria, kwa hiyo ukipeleka swabu maabara itaota tu, na daktari atalitibu jibu la maabara badala ya mguu.

Naomba tujadili mawili. Kwa nini vidonda hivi vinashindikana mikononi mwetu? Na mgonjwa huyohuyo akiwa na goti bandia mguu uleule, goti likaanza joto, nesi afanye nini kabla daktari hajafika?

#2 Kongoro
Kidonda kinachonuka hakihitaji dalili mbili. Harufu peke yake inatosha kuanza dawa.

#3 MaabaraKwanza
#2 hapana mkuu. Harufu inaweza kuwa ya nyama mfu au ya bandeji iliyokaa siku nne. Safisha, kwangua nyama iliyokufa, halafu nusa na uangalie upya. Harufu kali ni sababu ya kukichunguza kidonda vizuri. Haikupi ruhusa ya kuanza dawa.

Nitetee na benchi la maabara. Tunaletewa swabu iliyopakwa juu ya usaha, kidonda hakijasafishwa, fomu imeandikwa "swabu ya mguu" bila kusema mgonjwa yuko kwenye dawa gani. Tunaotesha bakteria wa ngozi na wa bandeji. Kinachotakiwa ni kipande cha nyama. Osha kwa salaini, ondoa utando na nyama mfu, kisha kwangua sakafu ya kidonda kwa kureti (kijiko kidogo cha kukwangulia) au ncha ya bledi tasa. Kiweke kwenye kichupa tasa chenye matone machache ya salaini. TAFADHALI msiweke kwenye fomalini. Fomalini inaua bakteria wote, na sampuli hiyo haioti kitu hata ikikaa wiki nzima.

Kama huna namna zaidi ya swabu, tumia mbinu ya Levine: kidonda kikiwa kimeshasafishwa, chagua sentimita moja ya mraba yenye nyama hai, bonyeza swabu ukiizungusha kwa sekunde tano mpaka majimaji ya ndani yatoke. Na sampuli itangulie dozi ya kwanza, isipokuwa mgonjwa yuko taabani.

#4 BintiMzizima
Sista #1, hiyo ya wekundu inatutesa. Wagonjwa wetu ni weusi. Wekundu huo unauonaje?

#5 SistaWaVidonda
Swali zuri sana dada. Kwenye ngozi nyeusi maambukizi huonekana kama weusi uliokolea, au zambarau, au ngozi inayong'aa kwa kuvutika. Mara nyingine huoni rangi kabisa. Tegemea mikono. Weka mgongo wa kiganja kwenye mguu mmoja kisha mwingine, sehemu ileile, ulinganishe joto. Halafu bonyeza kutoka ngozi nzima kuelekea kidonda, utahisi mahali ugumu unapoanzia. Hapo chora mstari kwa kalamu ya kudumu na uandike saa. Zamu inayofuata ikikuta ugumu umevuka mstari, hilo halihitaji mjadala.

Mpaka wa ugumu au wekundu usiofika sentimita mbili, na uko kwenye ngozi na nyama ya chini yake tu, ni maambukizi mepesi. Ukifika mbili au zaidi, au umegusa kano, msuli, kiungo, mfupa, ni ya kati. Ukiongeza mawili kati ya haya: joto la mwili zaidi ya 38 au chini ya 36, mapigo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, seli nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000, basi ni makali na mgonjwa analazwa.

#6 ZamuYaUsiku
Niongeze kwa #5: msisubiri homa. Wengi wenye jipu la unyayo hawana homa kabisa, na maumivu hawasikii kwa sababu ya ganzi. Mara nyingi kitu cha kwanza ni sukari kupanda bila sababu, mtu aliyekuwa 9 mmol/L ghafla anasoma 20.

Na semina hazifundishi unyayo. Usaha unaingia kati ya vidole na kufuata ala za kano hadi katikati ya wayo. Juu ya mguu unaona kidonda kidogo tu. Angalia upinde wa unyayo: umejaa na kupotea ukilinganisha na mguu wa pili? Weka kidole gumba kisiginoni, sukuma taratibu kuelekea vidoleni huku ukitazama kidonda. Usaha ukichuruzika, jipu liko ndani. Ukisikia kuchakacha chini ya ngozi kama kuna hewa, piga simu ya daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Dripu ya antibaiotiki ya ceftriaxone haitoi usaha uliofungiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la #1: vinashindikana kwa sababu upasuaji unachelewa. Swabu ni suala la pili.

#7 FundiPOP
Naheshimu wote ila mnazunguka. Vinashindikana kwa sababu mgonjwa anaukanyagia mguu. Unampa dawa ya laki, anatoka kwa kandambili na kutembea hadi stendi. Kila hatua inasaga nyama mpya. Kidonda cha unyayo kilichotokana na ganzi, tiba yake namba moja ni kuondoa uzito: plasta au buti inayofika chini ya goti, isiyovulika. Hiyo ipo kwenye mwongozo wa IWGDF, na semina ngapi zina POP, yaani hiyo plasta ngumu, mezani?

#8 MaabaraKwanza
FundiPOP kila uzi lazima umalizie kwenye plasta 😀

#9 FundiPOP
Na nitamalizia tena 😀

#10 MamaKliniki
#7 uko sahihi nusu. Plasta isiyovulika ni kwa kidonda kisicho na maambukizi wala upungufu wa damu, au kilicho na kimojawapo kwa kiwango chepesi. Maambukizi yakiwa ya kati, au damu imepungua kwa kiasi cha kati, weka kifaa kinachovulika ili uone kinachoendelea ndani. Makali kabisa, shughulikia usaha na damu kwanza. Kufunga POP juu ya jipu ni kumpeleka mtu kwenye kukatwa mguu.

Pasipo buti, tumia felti nene iliyobandikwa kuzunguka kidonda, uzito uende pembeni, ndani ya kiatu chenye nafasi. Na sugu ikwanguliwe kila anapokuja. Sugu ngumu ukingoni inabonyeza kidonda kama jiwe ndani ya kiatu.

#11 Kongoro
Nimeelewa #3, asante. Sasa mfupa. Eksirei ikiwa safi si tunasema mfupa mzima?

#12 ZamuYaUsiku
Hapana mkuu. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei inaweza kuwa safi kabisa huku mfupa umeshaambukizwa. Rudia baada ya wiki hizo. Katikati hapo tumia probu ya chuma butu na tasa, iingie taratibu kwenye kidonda bila kusukuma kwa nguvu. Ukigusa kitu kigumu chenye mkwaruzo, huo ni mfupa. Unganisha na ESR, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi: ikizidi 70 shaka inakuwa kubwa. Kidole kilichovimba chote, kinene kutoka shinani hadi ncha, nacho kinatia shaka hiyohiyo.

#13 MamaKliniki
Ila tahadhari: mguu mwekundu, wa moto, umevimba, ngozi nzima bila kidonda chochote, fikiria Charcot (mifupa ya mguu wenye ganzi kuvunjika na kulegea bila maambukizi) kabla ya kuandika dawa. Mlaze, inua mguu dakika tano hadi kumi. Wekundu wa Charcot hupungua, wa maambukizi hubaki. Tofauti ya joto ya nyuzi 2 au zaidi kati ya miguu inaunga mkono. Huyu dawa hazimsaidii. Anahitaji plasta upesi kabla mifupa ya mguu haijasambaratika.

#14 FundiPOP
Plasta! Mmesikia wenyewe.

#15 Pwani254
Hamjambo. Nawasoma kutoka Mombasa. Mbona hakuna aliyetaja damu? Kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi hata ukitoa uzito na dawa. Pimeni presha ya kifundo kwa dopla (kifaa cha kusikiliza damu ikipita mshipani), mgawanye kwa ya mkono. Chini ya 0.9 mishipa imeziba.

#16 SistaWaVidonda
Karibu Pwani254. Hapo kuna mtego lakini. Wenye kisukari cha miaka mingi, mishipa ya kifundo inakakamaa kwa chokaa, bendi ya presha haiwezi kuibana, namba inatoka 1.4 na unadhani damu ipo tele. Zaidi ya 1.3, usiiamini. Sikiliza mlio wa dopla wenyewe: mlio wenye sehemu tatu ni mzuri, wenye sehemu moja unaovuma tu ni mbaya. Kama kituo kinaweza kupima presha ya kidole gumba cha mguu, chini ya 30 uponaji ni mgumu na rufaa ya mishipa haifai kusubiri.

#17 BintiMzizima
Na ganzi tunaipima vipi bila monofilamenti, ule uzi wa plastiki wa kupimia hisia? Kituo chetu iliyopo ni moja na imepinda.

#18 MamaKliniki
Iliyopinda tupa, haitoi tena gramu 10. Hata nzima ikishatumika kwa wagonjwa kama kumi ipumzishwe siku moja. Pasipo nayo fanya kipimo cha mguso cha Ipswich: mgonjwa afumbe macho, gusa kwa wepesi ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu, sekunde moja au mbili, usibonyeze wala kugonga. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, ganzi ipo.

Mwenye ganzi afundishwe ya nyumbani kwetu. Jiko la mkaa chini ya meza, maji ya moto ya kukanda, katambuga yenye msumari. Na panya. Prof. Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika juu ya wagonjwa wa kisukari Dar es Salaam walioumwa miguu na panya usiku bila kuhisi. Chandarua kichomekwe vizuri upande wa miguu, si kwa ajili ya mbu peke yake.

#19 Kongoro
Asali je? Wazee wanaiweka na vidonda vinafunga.

#20 MfamasiaWaKona
IWGDF 2023 wanashauri isitumike, si kwa kuponya kidonda wala kwa kutibu maambukizi, kwa sababu ushahidi ni hafifu. Ni vilevile kwa bandeji za fedha na dawa za kuua vijidudu za kupaka. Miguu kuloweka kwenye beseni nayo tuache, ngozi inalainika na kati ya vidole panachanika.

#21 ZamuYaUsiku
Hapo sikubaliani sana. Ushahidi hafifu haumaanishi ina madhara. Mahali ambapo salaini yenyewe inanunuliwa na ndugu, kumkataza mtu asali bila kumpa mbadala ni kumfukuza aende kwa mganga anayemwambia amekanyaga kitu alichotegewa.

#22 MfamasiaWaKona
Mbadala upo: maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, na kutokanyaga. Ila hoja ya mganga naikubali, tumfundishe mtu bila kumdhihaki.

#23 OT_Mifupa
Turudi swali la pili la #1, naona limeachwa yatima. Goti bandia.

Ukikuta goti bandia lina joto na mguu uleule una kidonda kilichoambukizwa, fikiria bakteria wamesafiri kwa damu kutoka kidondani. Wakifika kwenye chuma na plastiki wanajenga utando, yaani biofilimu, na ndani yake dawa haziwafikii vizuri. Ndiyo maana muda ni kila kitu. Upasuaji wa kusafisha huku kipandikizi kikibaki una nafasi nzuri kama dalili hazijazidi wiki tatu, kipandikizi hakijalegea na hakuna tundu linalotoa usaha. Daktari hubadilisha pia ile plastiki inayotoka, maana huwezi kusugua nyuma yake bila kuitoa. Likikaa miezi, kwa kawaida kipandikizi chote kinatolewa, kwa hatua moja au mbili.

Kazi ya nesi: mgonjwa akiwa hana dalili za sepsisi (maambukizi yaliyouzidi mwili mzima), HAKUNA antibaiotiki mpaka goti livutwe maji. Dozi moja ya kidonge inaweza kuficha kimelea. Pima joto, mapigo, presha, sukari. Chukua damu ya CRP (kipimo kingine cha aina ya ESR), ESR na kalcha (kuotesha bakteria). Andaa trei ya kuvuta maji kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Usivute maji kwenye chumba cha vidonda, na sindano isipite kwenye ngozi iliyoambukizwa. Dawa ya ganzi ikae kwenye ngozi tu, isiingie kiungoni, kwani lignocaine inaweza kuzuia bakteria wasiote.

#24 MaabaraKwanza
Na maji hayo yagawanywe: chupa ya zambarau yenye EDTA kwa kuhesabu seli, chupa za kalcha ya damu kwa kuotesha, kidogo kwenye kichupa tasa kwa Gram (kuwapaka bakteria rangi waonekane kwa hadubini). Seli nyeupe zaidi ya 3,000 kwa maikrolita kwenye goti bandia la siku nyingi ni ishara nzito ya maambukizi. Msilinganishe na goti la asili, ambako watu wamezoea kusubiri 50,000. Gram ikiwa safi haifuti kitu. Andikeni kwenye fomu "kipandikizi", ili tuoteshe hadi siku 14. Cutibacterium, bakteria wa ngozi, inaota polepole, tukiitupa siku ya tatu tunawaambia uongo.

#25 Kongoro
Na likiwa na tundu linalotoa usaha, swabu ya tundu?

#26 OT_Mifupa
Usichukue. Tundu linalofika kwenye kipandikizi linathibitisha maambukizi lenyewe, na swabu yake inakupa wakazi wa ngozi. Sampuli za kweli zinatoka chumba cha upasuaji: vipande vitano au sita vya nyama, kila kimoja kwa kifaa chake na kichupa chake. Kimelea kilekile kikiota kwenye viwili, ndicho. Nesi wa skrabu apange forsepu na bledi za kutosha mapema. Mgonjwa wa muda mrefu aliye imara, dawa zisimamishwe wiki mbili kabla.

Jingine: mshono wa goti jipya unaolowesha bandeji. Baada ya siku tano hadi saba ukiwa bado unavuja, dawa za vidonge siyo jibu. Daktari aufungue. Nesi anayebadilisha bandeji mara tatu kwa siku bila kuripoti anachelewesha.

#27 MfamasiaWaKona
Sasa rifampicin, ile dawa ya kifua kikuu. Naona imeanza kuandikwa siku ya kwanza kwa vipandikizi vilivyoambukizwa.

#28 ZamuYaUsiku
Si inaua ndani ya biofilimu? Kwa nini isianze mapema?

#29 MfamasiaWaKona
Inaingia kwenye biofilimu ya stafailokokasi, kweli. Ila ikianza peke yake, au bakteria bado ni wengi na kidonda kinavuja, usugu unazuka ndani ya siku chache. Isubiri upasuaji, kidonda kikauke, iende na dawa ya pili ambayo kimelea kinaisikia. Na hapa kwetu hakikisha kwanza mgonjwa hana kifua kikuu.

Mwambie mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Angalia dawa zake: glibenclamide ya sukari inapungua nguvu na sukari inapanda, warfarin ya kuzuia damu kuganda inapungua, vidonge vya uzazi wa mpango vinashindwa, na mwenye dolutegravir ya VVU anahitaji 50 mg mara mbili kwa siku. Antibaiotiki ya vancomycin nayo isisukumwe mshipani kwa haraka: gramu moja iende dakika 60 au zaidi, la sivyo mgonjwa anawashwa, anakuwa mwekundu kifuani na presha inashuka.

#30 Pwani254
Muda wa dawa? Nilisikia kuna utafiti wa Ufaransa, wiki 6 zinatosha kwa kipandikizi.

#31 OT_Mifupa
Ni kinyume chake. Utafiti huo ni DATIPO, 2021: maambukizi yaliyoendelea yalikuwa asilimia 18.1 kwa wiki 6 na 9.4 kwa wiki 12. Labda unachanganya na utafiti wa OVIVA wa Uingereza, 2019, ulioonyesha kwamba dawa za kumeza ndani ya wiki sita za mwanzo hazikuwa dhaifu kuliko za mshipa kwa maambukizi ya mifupa na viungo. Mguu wa kisukari una hesabu yake: wiki moja hadi mbili kwa nyama, kama wiki 6 kwa mfupa usiokatwa, na hadi wiki 3 baada ya kukata kidogo ikiwa kingo za mfupa bado zina bakteria.

#32 Pwani254
Shukran, nimesahihishika.

#33 BintiMzizima
Kinga je? Bibi mwenye kisukari anataka goti bandia na ana kidonda kidogo kidoleni.

#34 OT_Mifupa
Asubiri. Kidonda kifunge kwanza, goti halina haraka. Angalia HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu; wengi hutumia mpaka wa takribani asilimia 7.5 hadi 8. Ila mwenye sikoseli, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni, HbA1c inadanganya, tumia daftari la sukari za nyumbani. Siku ya upasuaji sukari ikae chini ya 11. Nywele zisinyolewe kwa wembe. Antibaiotiki ya kinga, cefazolin gramu 2, ndani ya dakika 60 kabla ya kuchanja na kabla ya kukaza turnike (mkanda wa kuzuia damu mguuni), na irudiwe upasuaji ukizidi saa nne. WHO hawataki dawa ya kinga iendelezwe baada ya upasuaji.

#35 ZamuYaUsiku
Wodi nyingi bado zinaendeleza ceftriaxone siku tano "kwa usalama". Kinachoota baadaye ni kimelea sugu.

#36 SistaWaVidonda
Nawashukuru. Naona kila mtu kashika upande wake: MaabaraKwanza sampuli, ZamuYaUsiku upasuaji, FundiPOP uzito, Pwani254 damu. Mimi bado nasimamia kwamba kosa kubwa ni kutibu kisichoambukizwa.

Pendekezo kwa wanaoandaa CPD: nunueni kongoro za ng'ombe sokoni. Chanja tundu hadi mfupani kwenye baadhi, mengine yaishie kwenye nyama, kila nesi aingize probu na aseme amegusa nini. Apewe kureti, akwangue, aweke kwenye kichupa sahihi kati ya viwili, kimoja kina fomalini. Nesi mwenzake awe mguu wa kuchorewa mstari. Pointi zitolewe baada ya hapo.

#37 Kongoro
Kongoro zangu mnaziharibu 😀 Lakini naunga mkono.

#38 FundiPOP
Na meza moja iwe ya POP na felti. Sista #36, kidonda kisichoambukizwa ukikinyima dawa na ukakiacha kikikanyagiwa, kesho kutwa kitaambukizwa. Hapo bado hujanijibu.

#39 Pwani254
Na kabla ya felti, dopla.